Claude Shannon, mpimaji wa habari: somo lake kwa wenye kutunza disiki Mugunga

Katika kata ya Mugunga, magharibi mwa mji wa Goma, kwenye barabara ya kwenda Sake, kuna vinyumba vya mbao ambavyo kila mkaaji anavijua. Ndani iko kompyuta moja ama mbili, mashini ya fotokopi, na waya nyingi za kuchaji telefone. Mama analeta karatasi ya kiwanja chake ipigwe picha. Mwanafunzi analeta kazi yake ya mwisho wa masomo. Mkubwa wa shirika dogo analeta liste ya majina ya watu waliokimbia vita, pamoja na yale waliyosimulia. Kijana wa mashini anaweka vyote ndani ya dosie moja, anaifinya iwe zipu ili ienee kwenye kle USB, na kama mambo ni ya siri anaifunga kwa neno la siri, lile watu wanaita modipasi. Mwenye mali anatia kle mfukoni, anarudi nyumbani na roho imetulia.

Haifai roho itulie haraka vile. Faili iliyofinywa na faili iliyofungwa kwa siri zinaharibika vibaya zaidi kuliko faili ya kawaida. Karatasi iliyonyeshewa mvua, unaweza bado kusoma nusu yake. Zipu iliyoguswa kidogo tu, ama disiki ya siri iliyopoteza mwanzo wake, inaweza kukunyima yote. Huo si uchawi wa mashini. Sababu yake inapatikana katika hesabu za mtu mmoja wa Marekani, Claude Shannon, aliyefariki mwaka 2001. Kila siku wakaaji wa Goma wanapotuma sauti kwa telefone, wanapofungua picha ama kulipa kwa pesa ya telefone, wanatembea juu ya njia aliyochora yeye. Maisha yake yanafaa yajulikane hapa kwetu pia, juu yanafundisha jambo ambalo linaweza kuokoa kazi ya miaka mingi: kile unachopunguza ili kupata nafasi, lazima ukirudishe mahali pengine ili kupata usalama.

Senyenge ya ng'ombe ikabeba maneno

Claude Elwood Shannon alizaliwa tarehe 30 Aprili 1916 huko Petoskey, katika jimbo la Michigan, kaskazini mwa Marekani. Alilelewa Gaylord, mji mdogo wa jimbo hilo hilo. Baba yake alikuwa mfanyabiashara, na kwa muda fulani alikuwa hakimu wa mambo ya urithi. Mama yake, Mabel, alikuwa mwalimu wa lugha, kisha akawa mkubwa wa shule ya sekondari ya pale Gaylord.

Tangu utoto Claude alipenda kufungua vitu na kuvifunga tena. Alitengeneza mifano ya ndege, na mtumbwi mdogo aliouongoza kwa redio. Lakini kitu kinachokumbukwa zaidi ni telegrafu yake. Alitaka kuongea na rafiki aliyekaa umbali wa nusu maili, ni kusema mita 800 hivi. Badala ya kununua waya mpya, alitumia senyenge iliyozunguka mashamba. Waya uliowekwa ili kuzuia ng'ombe ukaanza kubeba maneno ya watoto wawili. Watu wa Kongo wangeiita hiyo artikle 15: jipange na kile kilichopo.

Alipokua kidogo alipata kazi ya kupeleka telegramu nyumba kwa nyumba. Alipenda pia hadithi za maandishi ya siri na kuyafumbua. Kwa hiyo tangu mwanzo mambo matatu yalikutana ndani ya kijana huyo: waya, ujumbe, na siri.

Mwaka 1936 alimaliza masomo yake kwenye Chuo Kikuu cha Michigan na diplome mbili, moja ya umeme, nyingine ya hesabu. Akaenda chuo cha MIT, karibu na Boston. Pale walikuwa na mtambo mkubwa wa kupiga hesabu, wenye magurudumu na vyuma vingi, ulioongozwa na swichi za umeme. Wengine waliangalia swichi wakaona swichi. Shannon aliona kitu kingine. Swichi iko imefungwa ama imefunguliwa. Hesabu za mantiki nazo zinajua majibu mawili tu, ndiyo ama hapana. Mwaka 1937, akiwa na miaka 21, aliandika kazi iliyoonyesha kwamba swichi zinaweza kufikiri kwa hesabu hizo, kwa 1 na 0. Kompyuta zote za leo, hata ile telefone ndogo mfukoni mwa motari, zinafanya kazi kwa msingi huo. Mwaka 1940 alipata udaktari, safari hii kwa hesabu za urithi wa viumbe.

Vita, simu ya siri, na chai na Turing

Mwaka 1941 Shannon aliingia katika maabara ya Bell, ya kampuni kubwa ya simu ya Marekani. Vita ya pili ya dunia ilikuwa inawaka. Serikali ya Marekani na ya Uingereza zilihitaji simu ambayo adui hawezi kuisikiliza. Maabara ya Bell ilitengeneza mtambo uliogeuza sauti ya mtu kuwa namba, kisha ukachanganya namba hizo na kelele. Kelele ile ilikuwa imerekodiwa kwenye sahani za gramafoni. Sahani zilitolewa mbili zinazofanana kabisa, moja Washington, nyingine London. Mwenye sahani pacha aliweza kuondoa kelele na kusikia maneno. Asiye nayo alisikia mvumo tu. Sahani ikitumiwa mara moja, inaharibiwa. Mtambo ulianza kazi mwaka 1943, na Shannon alikuwa mmoja wa wanahesabu waliouchunguza.

Hapo tayari mtu anaona shida ya kila mwenye disiki ya siri. Nguvu yote ilikuwa kwenye sahani. Sahani moja ikivunjika njiani, hakuna fundi hodari atakayeokoa yale mazungumzo.

Mapema mwaka 1943 mgeni kutoka Uingereza alifika kwenye maabara. Alikuwa Alan Turing, mwanahesabu aliyesaidia kufungua maandishi ya siri ya Wajerumani. Wawili hao walikutana wakati wa chai, wakaongea juu ya mashini zinazoweza kufikiri kama binadamu. Juu ya kazi yao ya siri walinyamaza. Kila mmoja alikuwa amefungwa na kiapo cha inchi yake.

Mwaka 1945 Shannon aliandika ripoti juu ya maandishi ya siri. Serikali iliificha, ikatoka kwa watu wote mwaka 1949. Ndani yake aliweka mambo ambayo bado yanatumika. La kwanza: ujue kwamba adui anajua mashini yako namna inavyofanya kazi. Usitegemee kuficha mashini. Siri yote ikae kwenye ufunguo. La pili: siri kamili inawezekana, lakini kwa bei kali. Ufunguo uwe na urefu sawa na ujumbe, uchaguliwe bila mpango wowote, utumiwe mara moja tu. La tatu: mwandiko wa siri wenye kufaa hauachi alama. Unafanana na kelele tupu, hauna neno linalorudiarudia, hauna pa kushika.

Jambo hilo la tatu ndilo linalomhusu kijana wa mashini pale Mugunga. Faili iliyofungwa vizuri haiwezi tena kufinywa, juu kelele haina kitu cha kupunguza. Anayefunga kwanza kisha akataka kufinya, anapoteza wakati na umeme. Mpango sawa ni kufinya kwanza, kufunga baadaye.

Mwaka 1948: habari inapata kipimo

Kazi iliyomfanya Shannon ajulikane duniani ilitoka mwezi wa Julai na Oktoba 1948, katika gazeti la kisayansi la Bell. Kabla ya hapo watu walipima uzito kwa kilo na umbali kwa mita. Habari haikuwa na kipimo namna hiyo.

Shannon alianza na wazo rahisi. Habari ni kile ambacho hukukitazamia. Redio ikisema asubuhi kwamba jua limetoka mashariki, msikilizaji hakupata kitu. Ikisema barabara ya Sake imefunguliwa, watu wanaamka, mama anafunga mzigo wake wa kwenda soko. Maneno ni karibu sawa kwa wingi, lakini uzito wa habari si mmoja. Kipimo chake kidogo kabisa ni jibu la ndiyo ama hapana, kama kurusha sarafu juu: inaangukia upande huu ama ule. Kipimo hicho kikaitwa biti. Jina lenyewe lilipendekezwa na mwenzake John Tukey, lakini dunia ililijua kupitia maandishi ya Shannon.

Kisha alionyesha kwamba lugha ya binadamu imejaa ziada. Alikadiria kwamba katika Kiingereza karibu nusu ya yale tunayoandika inaweza kutabiriwa kutokana na sehemu nyingine. Kwa Kiswahili mfano uko kila mahali. Mtu akisema watu wawili wamefika, ametaja wingi mara tatu: wa ya watu, wa ya wawili, wa ya wamefika. Mvua ikipiga juu ya mabati na kumeza moja, mbili zimebaki, na msikilizaji anaelewa. Kijana akituma ujumbe mfupi wenye herufi pungufu, ntkj ksh asb, rafiki yake anasoma nitakuja kesho asubuhi. Kumbe hata bila kwenda shule watu wanajua kufinya na kufinyua.

Ziada hiyo si uchafu wa lugha. Ndiyo inafanya tuelewane sokoni, kwenye makelele ya pikipiki, ama kwenye simu inayokatika.

Ngoma za Yakusu zilikuwa zinajua

Wakaaji wa majimbo ya mashariki wana ushahidi wao wenyewe, na uko Tshopo. Mwaka 1938 mmisionari wa Kibatisti kutoka Uingereza, John Carrington, alifika Kongo, akafanya kazi Yakusu, jirani na Kisangani. Alijifunza lugha ya Walokele na akachunguza ngoma zao za mti, zile zilizopeleka habari toka kijiji hata kijiji kandokando ya mto. Kitabu chake juu ya ngoma za Afrika zinazoongea kilitoka mwaka 1949, mwaka mmoja baada ya kazi kubwa ya Shannon.

Carrington aliona kwamba ngoma haitamki herufi. Inapiga tu sauti ya juu na sauti ya chini, kama vile lugha yenyewe inavyopanda na kushuka. Shida ni kwamba maneno mengi yana mapigo sawasawa. Mwezi wa angani na kuku, kwa mfano, yalisikika kitu kimoja. Namna gani basi mtu wa mbali ajue? Mpiga ngoma aliongeza maneno. Hakusema mwezi tu, alisema mwezi unaoangalia chini duniani. Hakusema kuku tu, alisema kuku, yule mdogo mwenye kulia kiokio. Ujumbe ulirefuka mara nyingi, lakini ulifika bila kosa.

Wazee wa Walokele hawakuandika hesabu. Lakini walijua kile ambacho Shannon alikuja kukithibitisha: njia ikiwa mbaya, ongeza ziada. Shannon alienda mbali zaidi. Alionyesha kwa hesabu kwamba hata kwenye njia yenye kelele, ujumbe unaweza kufika karibu bila kosa kabisa, kama hautumwi kwa mwendo kupita uwezo wa njia ile na kama ziada imepangwa kwa akili.

Kuondoa ziada, kurudisha ziada

Kutokana na kazi ya mwaka 1948 zilitoka njia mbili. Ya kwanza ni kufinya, yaani kuondoa ziada. Mwaka 1952 kijana David Huffman wa MIT alitoa namna ya kuzipa herufi zinazoonekana mara nyingi alama fupi, na zile adimu alama ndefu. Mwaka 1977 Jacob Ziv na Abraham Lempel, wa Israeli, walitoa namna ya kutorudia kile kilichokwisha kusemwa: badala ya kuandika tena, mashini inaelekeza nyuma, rudi pale, chukua herufi kadhaa. Zipu tunazotumia leo zinachanganya mawazo hayo mawili.

Njia ya pili ni kurudisha ziada kwa mpango. Mwaka 1950 Richard Hamming, naye wa maabara ya Bell, alitoa hesabu ambayo mashini inagundua biti iliyogeuka na kuirekebisha yenyewe. Disiki zina ulinzi wa namna hiyo ndani yake. Lakini ulinzi huo una mpaka. Kle ya bei ndogo iliyoanguka ndani ya maji, ama disiki iliyokuwa inaandika wakati umeme unakatika, inaweza kupita mpaka huo.

Sasa inaonekana juu ya nini zipu inaharibika vibaya. Maandishi ya kawaida yakipoteza herufi moja, ziada ya lugha inaokoa. Ndani ya zipu hakuna ziada tena. Biti moja ikigeuka, mashini inapotea njia, na yote yanayofuata ndani ya faili ile yanaweza kuwa upuuzi, juu kila sehemu inaelekeza nyuma kwenye sehemu nyingine. Katika zipu ya kawaida kila faili imefinywa peke yake, basi nyingine zinaweza kupona. Lakini kuna namna za kufinya zinazofunga faili zote kama mzigo mmoja wa kuni: kamba ikikatika, zote zinaanguka. Zipu ina namba ya kuhakikisha, inayosema kama faili imeharibika. Inatoa habari ya msiba tu, haileti dawa.

Jambo lingine: picha nyingi za telefone na sauti za MP3 zimekwisha kufinywa tangu zinapotengenezwa. Kuzitia tena ndani ya zipu hakupunguzi karibu kitu. Kunasaidia kuzikusanya pamoja, basi.

Disiki iliyofungwa yote kwa siri ina udhaifu wake mwingine. Katika programu nyingi, ufunguo halisi unaofungua mambo yote umehifadhiwa mwanzoni mwa disiki, ndani ya sehemu ndogo iliyofungwa kwa modipasi. Sehemu hiyo ikiharibika, hata mwenye modipasi sahihi anabaki nje. Kila kitu kiko pale, hakuna kilichofutwa, lakini vyote ni kelele. Ni ile sahani ya gramafoni ya mwaka 1943 iliyovunjika.

Kopi ya akiba, kwa watu wanaokimbia

Mugunga inajua kuhama kuliko mahali pengi. Kuanzia mwaka 1994 hadi 1996 ilibeba kambi kubwa ya wakimbizi kutoka Rwanda. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulishuka mpaka katikati ya Goma, ukameza nyumba, maduka na ofisi pamoja na karatasi zao. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ilitoa moto tena, na siku chache baadaye, viongozi walipoamuru sehemu ya mji iondoke, watu wengi walipita Mugunga kwenda Sake na magodoro kichwani. Vita vikaleta kambi mpya za wakimbizi wa ndani. Mwezi wa Februari 2025 kambi zikaondolewa, familia zikabeba tena mizigo.

Mtu anayekimbia anachukua watoto, chakula, telefone. Kle inaweza kubaki chini ya godoro. Na kwa mwenye liste ya majina na masimulizi ya watu, hatari ni mbili zinazovutana. Akipoteza disiki, ushahidi wa watu umekwenda. Disiki ikiangukia mikononi mwa mwingine bila kufungwa, wenye majina wako hatarini. Juu ya hiyo wengi wanafunga kwa siri, na wanafanya vizuri. Lakini kitu kilichofungwa kwa siri, kikiwa kopi moja tu, kimelindwa dhidi ya mwizi na kimeachwa wazi mbele ya moto, maji na bahati mbaya.

Hesabu ya Shannon inatoa njia. Ziada iliyoondolewa ndani ya faili irudishwe nje ya faili, kwa namna ya kopi ya pili na ya tatu. Kopi zote zifungwe, juu kopi moja ikiachwa wazi, zile zilizofungwa hazilindi kitu. Na zisikae ndani ya mfuko mmoja. Disiki mbili ndani ya saki moja zinaibiwa pamoja na kuungua pamoja. Kopi nyingine ikae kwa ndugu wa kuaminika Bukavu, Butembo ama Kisangani, ama ipande kwenye intaneti ikiwa tayari imefungwa.

Disiki ya siri inakopiwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni kuichukua yote jinsi ilivyo, biti kwa biti, bila kuifungua. Hiyo inabeba mpaka ile sehemu ya mwanzo yenye ufunguo, na anayefanya kopi hahitaji kujua modipasi. Ubaya wake ni ukubwa: katika disiki iliyofungwa yote toka mwanzo, hata nafasi tupu inaonekana kama kelele, basi haifinyiki, na disiki ya kupokea lazima iwe na nafasi isiyopungua ile ya kwanza. Namna ya pili ni kuifungua, kukopi faili tu, na kuzifunga upya kwenye disiki nyingine. Hiyo ni nyepesi, lakini lazima ifanyiwe kwenye kompyuta ya mwenyewe, si kwenye mashini ya kila mtu, juu faili zinapita zikiwa wazi. Kwa vyovyote vile, inafaa kuchukua kopi ya ile sehemu ya mwanzo peke yake. Ni ndogo sana, na programu nyingi za kufunga zina mahali pa kuifanya.

Kuna mtego mwingine unaofaa kujulikana. Programu kadhaa za kufunga zinaacha tarehe ya faili bila kuibadilisha, hata kama ndani umeandika mambo mapya. Programu ya kopi inayoangalia tarehe tu inadhani hakuna kilichobadilika, inapita. Mwenye mali anaamini ana kopi ya wiki hii, kumbe ni ya mwaka uliopita. Vilevile, kuunganisha disiki mbili ili zifanane kila wakati si akiba. Ukifuta upande huu kwa makosa, na upande ule inafutika.

Modipasi nayo ni sehemu ya akiba. Shannon alisema siri yote ikae kwenye ufunguo, ni kusema kwamba ufunguo ukipotea, hakuna sekretaria, fundi wala mkubwa atakayesaidia. Uandikwe na ukae mbali na disiki, kwa mtu ambaye hatakimbia njia moja na wewe.

Na mwisho, kopi ambayo haijafunguliwa hata siku moja bado haijawa kopi. Mara kwa mara ichukuliwe ile ya akiba, si ile ya kila siku, ifunguliwe kwenye kompyuta nyingine, faili kadhaa zisomwe mpaka chini.

Mzee aliyecheza

Watu waliomfahamu Shannon hawamkumbuki kama mtu wa kukunja uso. Katika korido za maabara ya Bell alipanda baiskeli ya gurudumu moja. Alirusha mipira hewani na kuidaka kama watu wa sarakasi, kisha akaandika hesabu za mchezo huo. Mwaka 1949 alioa Betty Moore, mwanahesabu wa maabara ile ile, wakazaa watoto watatu. Mwaka 1950 alitengeneza panya wa chuma aliyeitwa Theseus, aliyetafuta njia ndani ya vichochoro, na mara ya pili alipita bila kukosea. Betty alisaidia kumtengeneza. Kumbukumbu haikuwa ndani ya panya, ilikuwa kwenye swichi zilizofichwa chini ya sakafu.

Mwaka 1956 alikwenda kufundisha MIT, akabaki pale mpaka 1978. Mwaka 1985 alipewa tuzo ya Kyoto, ya Japani. Miaka hiyo ugonjwa wa Alzheimer, ule unaokula kumbukumbu, ulianza kumwingia polepole. Wakati dunia ilikuwa inajaa intaneti na telefone, vitu vilivyosimama juu ya hesabu zake, yeye mwenyewe hakuweza tena kufuata yaliyokuwa yanatokea. Alifariki tarehe 24 Februari 2001 huko Medford, jimbo la Massachusetts, akiwa na miaka 84.

Kichwa cha mzee kilipoteza yale kilichokuwa kimeyavumbua, lakini hayakupotea. Yalikuwa yameandikwa, yamechapwa, yamefundishwa katika vyuo vya inchi nyingi, yamekaa ndani ya vichwa vya wanafunzi wake. Liste ya majina iliyo ndani ya kle moja pale Mugunga bado haijapata bahati hiyo. Inahitaji kopi ya pili, iliyofungwa, iliyo mbali, na mtu mwingine anayejua namna ya kuifungua.